Pua Isiyozoea Harufu



Mtu akiingia alfajiri katika nyumba ya kuku iliyofungwa usiku kucha, macho humwasha. Hiyo ni amonia, hewa kali itokayo katika mavi na maranda yaliyolowa. Lakini akikaa humo kitambo, haisikii tena. Pua yake imezoea. Macho na mapafu ya kuku hayazoei. Tena jiko la makaa tunalowawekea vifaranga hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu yo yote, nayo huua mtu na kifaranga pia.

Vyombo vya kupima gesi si vigeni. Huko Japani vingine vilianza kuuzwa mwaka 1968. Ila vingi vya namna hiyo havifanyi kazi mpaka vipashwe moto wa digrii 200 au zaidi, na moto huo hula umeme. Mkulima asiye na stima atafanyaje?

Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha njia nyingine. Walitumia mirija ya kaboni myembamba mno, ambayo unene wake hupimwa kwa nanomita. Nanomita milioni moja ni sawa na milimita moja. Kila chembe ya kaboni katika mrija huo iko wazi kwa hewa. Amonia ikiigusa, umeme upitao ndani hubadilika, pasipo kupashwa moto. Chombo cha namna hiyo chaweza kutumia betri ndogo.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wenye viwanda. Mimi sikubali. Mwenye kuku mia naye anavuta hewa. Lakini sisemi tukimbilie kununua. Unyevu huvidanganya vyombo hivi, huchukua muda kurudi hali ya kwanza, na huweza kukosea gesi moja kwa nyingine. Nasi twajua nyumba ya kuku ilivyo wakati wa masika!

Shauri langu ni hili: watafiti wavijaribu katika nyumba zetu za kuku, si katika maabara tu, na chama cha ushirika kisitoe hata senti moja kabla ya kuona matokeo.

Wala tusingoje chombo. Chombo hupiga kelele tu, hakifungui dirisha. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, toa maranda yaliyolowa, na usilale kamwe chumba kimoja na jiko la makaa.