KODIANI ISIFIE GUNIANI

Nimeshika kalamu nikiwa na dukuduku moyoni kuhusu kodiani, kile kinanda kinachovutwa na kubanwa kifuani. Vijana wengi tunakidharau.

Hapa Kamere tumetoka pembe nyingi za Kenya, wazazi wakifuata kazi ya mashamba ya maua. Katika ploti yetu kuna babu mmoja Mkikuyu ambaye kodiani yake hukaa guniani, juu ya kabati. Desemba iliyopita aliitoa akapiga mwomboko. Mjukuu wake alishika karing'aring'a, yaani chuma cha duara, akawa anakigonga kwa msumari. Vilikuwa vitu vitatu tu: kodiani, chuma na sauti ya mzee. Lakini niwaambieni, ploti nzima ilitoka nje!

Nilisikiliza kwa makini. Kodiani huvuta pumzi kama mtu. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unaitikia kwa sauti nzito. Chuma kinashika mwendo, wachezaji wanapiga hatua mbili kisha wanainama. Mzee naye huimba polepole kama anayesimulia. Ukiondoa kimoja, ngoma inalegea.

Aliyenishangaza zaidi ni nyanya yangu, Mjaluo kutoka Siaya. Aliinuka akacheza! Akasema kwao ala hiyo huitwa onanda, na aliicheza alipokuwa msichana.

Shule zilipofunguliwa nikapendekeza kodiani iwe katika kikundi chetu cha muziki. Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akasema, "Wachana na hiyo, ni ya wazee." Mwingine akasema ati si ya Kiafrika.

Ni kweli ilitoka Ulaya. Cyrill Demian aliisajili mjini Vienna mwaka 1829. Hata mwomboko, uliovuma miaka ya 1940, ulichota kwenye dansi za Wazungu kama waltz. Lakini je, gitaa lilizaliwa Naivasha? Na kwaya za sauti nne tunazoimba katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, mtindo wake ulitoka wapi? Babu zetu walipokea chombo kigeni wakakifundisha kusema Kikuyu na Kijaluo. Huo ni werevu, na sisi tunauonea haya.

Kwa maoni yangu, mwakani tuingie tamashani na kodiani, chuma na mwimbaji. Babu amekubali kutufunza kila Jumamosi bila malipo. Lakini vidole vyake vimeanza kukakamaa, na tayari nimesikia watoto wake wakizungumza habari za kuiuza. Ikishauzwa, tutajifunzia wapi?

Wahenga walisema, chelewa chelewa utapata mwana si wako. Walimu wetu wapendwa, tunaomba ruhusa. Nanyi wenzangu mliocheka, njooni Jumamosi moja tu msikie. Mkitoka hapo mkiwa bado mnacheka, nitanyamaza.