Waulizeni Wazee wa Mpakani

Ndugu zangu wa Mbuba na Ngara yote, Mei 1919 dunia iligawanywa, nasi tukiwamo. Tarehe 4 wanafunzi wapatao 3,000 waliandamana Beijing, wakipinga mkutano wa amani wa Paris kuwapa Wajapani haki za Wajerumani jimboni Shandong. Siku tatu baadaye wakubwa wa mkutano huohuo wakawapa Waingereza Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wabelgiji, walioziteka Rwanda na Urundi 1916, wakaja juu. Ndipo Mwingereza Lord Milner na Mbelgiji Pierre Orts walipokaa mezani, na tarehe 30 wakatia saini: Rwanda na Urundi kwa Wabelgiji, ila Gisaka, mashariki mwa Rwanda, wapewe Waingereza waliotaka njia ya reli. (Reli hiyo haikujengwa.) Mwami Musinga wa Rwanda na wamisionari wakalalamika hadi Shirikisho la Mataifa, na 1923 ikakubaliwa Gisaka irudi Rwanda. Bugufi yetu, iliyokuwa ya Urundi, ikabaki Tanganyika.

Sisemi mpaka usogezwe. Sisi ni Watanzania na tumeridhika. Lakini barua za Milner na Orts zimetunzwa, wakati maneno ya babu zetu, kwa Kishubi na Kihangaza, yanazikwa nao. Mzee wa miaka 90 leo alizaliwa miaka ya 1930. Baba yake aliyaona hayo kwa macho.

Basi vijana, likizo hii kaeni na wazee. Simu mnazo, rekodini. Msiulize habari za mikataba, maana mzee atawajibu kwamba yeye hakusoma. Ulizeni shangazi aliolewa ng'ambo ipi, ng'ombe wa mahari walivushwa wapi Ruvubu, kodi ya kichwa ililipwa kwa Mbelgiji au kwa Mwingereza. Bibi zetu wasisahaulike: mara nyingi wao ndio waliovuka mto kwenda kuolewa, na ukoo wa pande zote mbili wanao kichwani.

Stakabadhi za kodi zilizomo masandukuni msiwashie moto; zipigeni picha. Andikeni jina la mzee, kijiji na tarehe, na akisema Kishubi kiacheni kilivyo, tafsiri itakuja. Nakala moja ibaki nyumbani. Walimu wa historia, tunawaomba mpokee ya pili na kuiweka kabatini shuleni, pasipovuja.