Mgonjwa aelezwe hatari kwa lugha anayoielewa

Mwaka 1861 daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu aliyekuwa mgonjwa katika hospitali ya Bicêtre, Paris, ambaye kwa miaka mingi hakuweza kutamka ila "tan". Alikuta kidonda upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Sisi tunaofunza isimu humtaja Broca kila mwaka, kisha tukampita mbio.

Damu inayolisha sehemu hiyo hupitia mshipa mkubwa wa shingoni. Sigara, kisukari, shinikizo la damu na umri huufanya mshipa huo ugande mafuta na kuwa mwembamba. Kipande cha mafuta hayo kikibanduka na kuziba mshipa wa ubongoni, hicho ndicho kiharusi. Mbali na dawa, tiba ni mbili: kuupasua mshipa na kuukwangua, au kuupanua kwa kijibomba cha wavu wa chuma. Ajabu ni kwamba katika kukwangua au kupanua, kipande kile kile chaweza kubanduka. Fauka ya hayo, damu iliyofunguliwa ghafla mara chache hupasua mishipa ya ubongo iliyozoea uhaba.

Sisemi tiba hizi ziachwe. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa 100 waliokwisha kupata dalili, na ambao mshipa wao ulikuwa umezibika kwa asilimia 70 au zaidi, 26 waliotumia dawa pekee walipatwa na kiharusi cha upande huo katika miaka 2. Kwa waliopasuliwa, ni 9. Kwa watu hao hoja ni wazi. Lakini kwa wasio na dalili zozote, utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulikadiria 11 dhidi ya 5 kwa miaka 5, na dawa za leo ni bora kuliko za wakati ule. Mwaka 2010 utafiti mwingine ulikuta kwamba, siku za karibu na matibabu, kiharusi kiliwapata takriban 4 kati ya 100 waliowekewa wavu na 2 kati ya waliopasuliwa, ingawa hawa wa pili walipatwa zaidi na mshtuko wa moyo.

Je, mzee wa kijijini huambiwa hesabu hizi? Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, yataka mgonjwa aelezwe manufaa na hatari za kila tiba, kwa lugha anayoielewa, "inapowezekana". Neno hilo moja ni mlango wa nyuma. Fomu ya idhini niliyowahi kuonyeshwa ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na mkalimani alikuwa mjukuu aliyefupisha ukurasa mzima kwa maneno mawili: "hatari ndogo". Ndogo kwa nani? Kwa mtu anayeweza kuamka hana usemi?

Muhula huu wanafunzi wangu wa tafsiri wataanza na fomu ya namna hiyo, tarakimu zikiwemo.