Michezo Isifutwe, Ifundishwe Kiswahili!

Kuna jambo ambalo limenikaa rohoni muhula huu mzima, nami nikilinyamazia litanikaba. Kumetolewa pendekezo kwamba michezo yote ifutwe katika kompyuta za shule, usibaki hata mmoja. Uamuzi utatolewa muhula ujao. Sababu tunayopewa ni kwamba michezo inatupotezea wakati, na ati kijana anayehangaika na vyombo vya angani vya kwenye skrini hawezi kuupita mtihani wa taifa. Mimi nasema, la hasha!

Sitetei kila mchezo. Ipo michezo ya kufyatua risasi mpaka kidole kife ganzi, na mtu akitoka hapo hana alichojifunza ila kelele. Hiyo ikifutwa sitatoa hata chozi moja. Ninayoitetea ni kazi ambayo baadhi yetu huifanya Jumamosi alasiri, yaani kukipanga upya chumba cha rubani katika mchezo uitwao Kerbal Space Program.

Mchezo huu ulibuniwa na kampuni ya Squad ya jijini Mexico City. Umma uliupata mara ya kwanza mwaka wa 2011, na toleo lililokamilika likatoka mwaka wa 2015. Mchezaji huunda roketi, huwapakia wanaanga wadogo wa rangi ya kijani, kisha huirusha kwa kufuata kanuni za mvutano zinazokaribiana na zile tunazosoma katika fizikia. Mafuta yakikwisha kabla ya wakati, utaanguka tu, bwana. Hakuna wa kumlilia.

Ndani ya chombo mna chumba cha rubani chenye viti na vipimo. Wenye mchezo hawakukifunga kwa kufuli. Mpangilio wake umeandikwa katika faili za maandishi ya kawaida, ambazo hata kompyuta kuukuu inaweza kuzifungua. Kila swichi na kila kipimo kina jina lake na namba zake: tatu za kuonyesha mahali kilipo, nne za jinsi kilivyogeuzwa, na tatu za ukubwa wake. Badilisha namba moja, kipimo kinahama. Weka alama ya kutoa pasipotakikana, nacho kinazama ukutani! Mabadiliko ya namna hii wachezaji huyaita modi. Modi moja mashuhuri, RasterPropMonitor, hutia chumbani skrini zinazofanya kazi kweli, ili rubani aweze kuendesha chombo akiwa ndani bila ya kuchungulia kwa nje. Niambieni, anayeshinda akizipanga namba hizo si yumo ndani ya hesabu za vekta bila ya kusukumwa na mtu?

Hata hivyo, namba ndiyo sehemu nyepesi. Swali gumu ni hili: nini kikae wapi, na kwa nini? Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za Marekani za aina ya B-17 walikuwa wakitua salama salimini, kisha wakiwa tayari chini wanakunja magurudumu badala ya kukunja vibawa vya kupunguzia mwendo. Ndege inalala kwa tumbo. Watu wakasema marubani ni wazembe. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aligundua kwamba swichi za vitu hivyo viwili zilifanana na zilikaa bega kwa bega. Dawa yake ilikuwa rahisi: kishikio cha magurudumu kipewe umbo la gurudumu, na cha vibawa kipewe umbo la kibawa, ili mkono ujue hata kama jicho halioni. Mpaka leo sheria za ndege kubwa za Marekani zinadai maumbo ya namna hiyo. Jamani, kumbe mtu anaweza kulaumiwa uzembe kumbe kosa ni la aliyepanga chumba! Somo hilo lafaa hata jikoni na maabara.

Kisha kuna suala la wanachombo wenyewe. Wahenga walisema, nahodha wengi, chombo huenda mrama. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Apollo 11 kiliposhuka mwezini, ndani yake mlikuwa na watu wawili. Armstrong alitazama dirishani na kushika usukani. Aldrin alikodolea macho kompyuta na kusoma kwa sauti kimo na kasi, ili mwenzake asiinamishe kichwa. Walikuwa wamesimama wima, kwani viti viliondolewa ili kupunguza uzito, na kwa kusimama karibu na dirisha waliweza kuona vizuri hata kwa kidirisha kidogo. Kila mtu na kazi yake, kila kazi na mahali pake.

Upo mchezo mwingine, Artemis, uliotolewa mwaka wa 2010 na Thom Robertson, ambao umejengwa juu ya jambo hilo hilo. Wachezaji hukaa chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake: huyu anashika usukani, huyu silaha, huyu injini, huyu anachunguza, huyu anawasiliana. Nahodha hana kidude chochote cha kubonyeza. Kazi yake ni kuuliza, kusikiliza na kuamrisha. Akikosa maneno, wote wameangamia. Na mchezo huo pia unakubali kurekebishwa, maana orodha ya vyombo vyake na visa vyake vimo katika faili za maandishi.

Hapo ndipo Chama cha Kiswahili kinapoingia. Tangu mwaka wa 2017 maneno ya Kerbal Space Program yamewekwa katika faili ya peke yake ili yaweze kutafsiriwa. Wenyewe walikwisha kuyatia Kihispania, Kirusi, Kijapani na Kichina. Kiswahili hakimo. Je, tungoje nani atutilie?

Kuna wanaodai ati Kiswahili hakina maneno ya mambo ya angani. Watu hao hawajakaa na wazee wa pwani. Lugha hii ilikuwa na chombo, nahodha, rubani, usukani, dira na serahangi kabla ndege yoyote haijaruka. Rubani alikuwa mwongozaji wa vyombo baharini. Leo tumempandisha mawinguni na hakuna aliyelalamika. Usukani ulitoka kwenye jahazi ukaingia kwenye matatu. Kwa nini usifike mwezini?

Nasi tumekwisha kujaribu. Katika skrini za chumba cha rubani nafasi ni finyu, mstari mmoja hubeba herufi chache tu. Tulibishana juma zima juu ya neno moja. Wengine walitaka "urefu". Tukauliza, urefu wa chombo au urefu kutoka ardhini? Mtu akisoma upesi atachanganyikiwa kama yule rubani wa B-17. Wengine wakaleta "mwinuko". Mwishowe "kimo" kikashinda: kina herufi nne, na maana yake haimpotezi mtu. Tena tukakubaliana kwamba "hatari" liwe la jambo linaloua, na "tahadhari" liwe la jambo linaloweza kungoja kidogo. Ni somo gani la msamiati linalokufanya upime neno kwa maana, kwa urefu wa herufi, na kwa maisha ya mwanaanga?

Walimu wetu watauliza kuhusu wakati. Ni haki yao. Wengine watasema kwamba wanafunzi wachache watazikalia kompyuta huku wenzao wakisubiri kuandika kazi zao. Na hilo ni kweli, kwa sababu kompyuta zenye nguvu ya kuubeba mchezo ni mbili tu. Kwa hivyo silii tu, naleta mapendekezo.

Kwanza, michezo ya kufyatua tu iondolewe, na hii miwili ya vyombo vya angani ibaki, ifunguliwe saa moja na nusu siku ya Jumamosi, basi. Siku za masomo ifungwe.

Pili, hakuna atakayeruhusiwa kurusha chombo kabla ya kikundi chake kuchora chumba cha rubani kwenye karatasi na kueleza kwa Kiswahili sanifu kwa nini kila kitu kimekaa kilipokaa. Kuchora hakuhitaji umeme, na kuandika faili kunaweza kufanywa kwenye zile kompyuta kuukuu. Zile mbili zitakuwa za kujaribia.

Tatu, kazi ya mtu iheshimiwe. Kila modi huja na masharti ya mwenyewe, nasi tuyasome kabla hatujaigusa, wala tusiuze kilicho cha mwenzetu.

Nne, maneno tutakayokubaliana yaandikwe katika daftari la chama na yapitishwe na mwalimu wa Kiswahili. Mwisho wa mwaka daftari hilo liwekwe maktabani, lisomwe hata na wasiopenda michezo.

Hayo yakifanyika na bado alama zetu zishuke, basi mimi wa kwanza nitaunga mkono kufuta. Lakini kukata mti mzima kwa sababu ya tawi moja lililooza si busara. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi ndio hao samaki, na mikono yetu sasa imeshika vitu vinavyotaka hesabu, fizikia na lugha kwa pamoja. Walimu wetu, mkituondolea hivi mtakuwa mmeokoa saa moja na nusu kwa juma. Mkituachia, huenda siku moja Mkenya akaketi katika chombo cha kweli, atazame skrini, na neno la kwanza alionalo liwe "kimo".

Niwatakieni nyote likizo njema. Anayenipinga, kalamu anayo na jarida letu liko wazi. Ajibu!