Fundi Kapitia Mlango wa Nyuma

Makamanda, leo mnivumilie, siandiki kuhusu tume wala mikutano ya hadhara. Naandika kuhusu magari ya zamani. Najua wapo watakaosema huyu kamanda kaanza starehe. Someni kwanza.

Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka juzi nilijiunga na klabu moja ya wapenzi wa magari ya zamani hapa Dar, jina nalihifadhi. Mwanzoni ilikuwa raha tupu: Jumapili asubuhi boneti juu, chai na vitumbua, kila mtu anasimulia gari lake lilikotoka. Kisha wakaja wenye nazo. Ada ikapanda mara tatu, tukahamia hotelini, halafu ikatungwa kanuni kwamba gari lenye injini isiyo ya kiwandani halikai safu ya mbele. Lipaki kule nyuma, karibu na jenereta.

Langu lina injini ya Toyota. Basi mimi na jenereta tukawa majirani.

Lakini tujiulize, hiyo injini ya Toyota iliingiaje humo? Baada ya Vita vya Kagera nchi haikuwa na fedha za kigeni. Spea hakuna, mafuta ya kubania, hadi magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Gari lililoivuka miaka ile likiwa na kila kitu cha kiwandani, mara nyingi mwenyewe alikuwa na njia zake. Magari ya walimu na manesi yalivushwa na mafundi, kwa bushi za kuchonga kwenye tairi kuukuu na gia boksi ya gari jingine kabisa. Leo mtu anasimama na glasi mkononi anasema gari hilo "limechakachuliwa". Kachakachua nani, bana?

Kilichonichoma zaidi ni fundi wetu, mzee mmoja mwenye gereji Gerezani. Nusu ya magari ya safu ya mbele yanawaka kwa sababu yake. Naye ana Volkswagen yake, ile ya mgongo wa kobe, akaomba uanachama. Akaambiwa alete wanachama wawili wa kumdhamini. Watu wanaoshinda gerejini kwake kila wiki, hakuna aliyenyoosha mkono. Mimi nilinyoosha, nikawa peke yangu. Siku ya maonesho kabureta ya mwenyekiti ikaanza kuvuja, wakampigia simu. Mzee akaja na boksi lake la spana, akapitishwa mlango wa nyuma.

Na ukutani pale wametundika picha ya Joginder Singh, bingwa wa Safari Rally wa 1965, 1974 na 1976! Hivi hawa jamaa hawajui kuwa huyo bwana alikuwa fundi, kakulia kwenye gereji ya baba yake Kericho? Hata ile Volvo PV544 ya 1965 ilikuwa imeshakimbizwa na wengine kabla haijamfikia. Angekuja leo, angepangiwa kule kwenye jenereta.

Mwishowe tukagawanyika. Wa "orijino" wakabaki hotelini, sisi wengine tukarudi uwanjani. Na sisi si malaika: haikupita miezi mitatu, tukaanza kumcheka kijana aliyekuja na Corolla ya 1989, eti hiyo si ya zamani, ni kuukuu tu. Nami nilicheka.

Sasa hasara yake. Kambi zote mbili zina kilio kimoja, ushuru wa uchakavu. Ukiingiza gari la umri mkubwa unatozwa, liwe la kumbukumbu ambalo litatoka mara moja kwa mwezi au bovu la kwenda kutoa moshi barabarani kila siku. Hoja ya kulitenganisha gari la kumbukumbu ilikuwa nzuri, ina watu, ina maelezo. Zikaenda barua mbili, kila kundi likidai ndilo halali na kwamba lile jingine ni la wahuni. Wakubwa hawakuhitaji hata kutujibu. Makamanda, hii sinema hatujaiona mahali pengine, au nadanganya?

Nimependekeza Jumapili ijayo tukutane gerejini kwa mzee, Gerezani, kambi zote. Ada ni kuchangia chai. Wa hotelini wawili wamesema watakuja. Yule kijana wa Corolla nimempigia mwenyewe mara tatu, hajapokea.