Chokaa Inasingiziwa

Robine ikianza kudondoka katika nyumba ya Makiso, hapa Kisangani, fundi huja na maelezo yaleyale: maji yana chokaa, na tiyo zimezeeka. La pili nalikubali. Nyumba nyingi za komine hii zilijengwa mji ungali unaitwa Stanleyville, jina lililoachwa mwaka 1966, na chuma kilichozikwa ardhini miaka yote hiyo hakiwezi kubaki kizima.

La chokaa nalikataa. Regideso, shirika la maji, huteka maji katika mto Tshopo, mto wa msituni wenye rangi ya chai, na maji ya mito ya namna hiyo ni laini: madini machache, tindikali kidogo. Mwenye shaka atazame birika lake. Kule Mombasa na Unguja, visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe huacha magamba meupe ndani ya birika, na sabuni hutoa povu kwa shida. Hapa povu linajaa beseni upesi.

Maji laini yana ubaya wake. Hayaachi utando wa chokaa wa kukinga chuma, kwa hiyo hula zinki ya tiyo, kisha chuma chenyewe. Ndiyo maana mitambo ya kusafisha maji huongeza chokaa makusudi, kupunguza ukali. Tunayemshitaki ndiye mlinzi!

Kisha umeme unakatika, pampu zinasimama, tiyo zinabaki tupu na kutu inalegea. Maji yakirudi kwa kishindo husukuma chembe zile hadi kwenye robine, zikakwaruza ule mpira mdogo wa ndani na ukingo wa shaba unaoukalia. Mwenye nyumba akiona tone, anakaza kwa nguvu zote. Mpira unapondeka, tone linakuwa uzi.

Siki na ndimu, dawa za magamba ya chokaa, hazina kazi hapo. Funga maji, fungua robine, badilisha mpira, papasa ukingo kwa kidole. Ukiwa umechimbika, mpira mpya hautadumu. Maji yakirudi baada ya kukatika, yaache kwanza yatoke kwenye robine ya uani mpaka yawe safi. Tone moja kila sekunde ni takriban litri 20 kwa siku, yaani bidoni nzima. Fundi akitaja chokaa tena, mwambie akuonyeshe gamba lake.