Mafundisho ya Nyumbani: Mlango Mkubwa Katika Miimo Midogo

Hutokea katika miji yetu ya pwani nyumba kuukuu ikabomolewa, na mwenyewe akauhifadhi mlango wake wa mvule au msaji ili autie katika nyumba mpya. Mlango ni mzima, hauna mdudu, lakini nafasi baina ya miimo mipya ni ndogo. Huitwa fundi, naye akashika msumeno kabla ya kushika kipimo. Sitara ya nyumba iliyodumu tangu enzi ya babu huharibika kwa asubuhi moja.

Ewe msomaji, tazama kwanza mlango umeundwaje. Mlango wa mbao tupu una nguzo mbili za wima, na mbao za kulala ambazo ncha zake, mfano wa ulimi, zimeingizwa katika matundu ya nguzo hizo. Nguvu zote zimo katika maungio hayo. Nguzo yenye upana wa inchi 4 ukiipunguza nusu inchi, hapana dhara. Ukiipunguza inchi 2, umeukata na ulimi wenyewe, na haupiti muda mlango utalegea na kuburuza chini. Tena ipunguzwe kila upande sawasawa, usije mlango ukafanana na mtu aliyenyolewa nusu ya kichwa. Ikiwa haja ni kubwa kuliko hivyo, fundi na aufumue mlango, azifupishe mbao za kulala na kuchonga ndimi mpya. Ni kazi ya siku nyingi, lakini ndiyo kazi.

Uwazi upimwe mahali patatu, juu, kati na chini, kwani ukuta wa mawe na chokaa ni nadra kunyoka. Kipimo kidogo ndicho kifuatwe, na iachwe nafasi ya 1/8 ya inchi kila upande. Anayekata wakati wa kaskazi aongeze kidogo, maana mbao huvimba masika yakiingia. Ncha za juu na chini zipigwe randa kutoka pembeni kuelekea kati, zisibanduke. Palipokatwa pana kiu ya maji: patiwe mafuta au rangi siku ile ile, na chini pia, ambapo mafundi wengi hupasahau. Bawaba zikihamishwa, matundu ya skrubu ya zamani yazibwe kwa vijiti na gundi.

Ama mlango wa nakshi wa pande mbili, kama ile ya Unguja na Lamu, huo sioni ruhusa ya kuukata. Mfaa wake wa katikati umepigiliwa kwenye upande mmoja, na milango mingi ya namna hiyo haina bawaba, bali huzungukia vipini vya juu na chini. Ukikata ubavuni umekata kipini. Na miimo yake imechongwa pamoja nao, haitengeki. Hapo ukuta ndio upanuliwe: mlango na miimo yake vipimwe kwanza, kisha mwashi apewe kipimo cha uwazi.